Sikio la Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwa nimekwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kupeleka nta. Baba yangu alikuwa mrina asali upande wa Ugalla, na mjini Mpanda, karibu na soko, kulikuwa na fundi redio aliyenunua nta safi kwake kila baada ya mavuno. Mimi nilidhani anatengeneza mishumaa. Nilipofika nilimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa mgongo, na bila kuniangalia akasema, "Wewe mwenye nta, shika huu waya hapa. Usitikise."

Nikashika. Akalowesha kidole kwa ulimi, akagusa mguu mmoja wa kile kifaa cha kupandishia sauti. Spika ikaguna, mmmm, kama mtu aliyeamshwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Ikiguna, ipo hai. Kuanzia hapa mpaka kwenye spika kote ni salama. Ugonjwa uko upande wa eriali. Sasa achia waya, lete hiyo nta."

Akayeyusha kipande kwa ncha ya solda na kukidondosha juu ya koili, yaani ule waya mwembamba uliozungushwa kwenye kijiti cheusi kinachonasa mawimbi. Koili ikilegea na kucheza, stesheni inahama. Nta ya nyuki huishika vizuri, na ukitaka kuirekebisha kwa joto, inakubali. Nilikuwa nimekula asali ya mizinga ile tangu utotoni, sikujua kwamba nta yake inakaa ndani ya redio za watu. Jioni ile sikurudi Ugalla. Nilituma salamu kwa baba kwamba nimepata kazi, naye akajibu kwamba afadhali, maana kwenye mizinga nilikuwa mwoga.

Yule fundi aliitwa Bizimana, lakini mjini walimwita Fundi Mkuu. Nilimuuliza, "Mkuu wa nani, Mzee, na upo peke yako?" Akajibu, "Mkuu wako. Tangu leo."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Vijana wanaosoma haya wamezoea simu inayobeba kila kitu, kwa hiyo nieleze kidogo tulivyofanya kazi. Vipuri vipya vilikuwa shida kufika kwetu. Tulivitoa kwenye redio zilizokufa. Transista, ambayo ndiyo inayokuza sauti, tuliipima kwa mita kabla ya kuiamini. Kapasita, ambayo huhifadhi umeme kidogo na kuutoa, tuliitazama kwanza kichwani: ikivimba, haifai. Tulianza kutafuta ugonjwa kwenye spika, tukarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye eriali, na kila hatua Fundi Mkuu aligusa kwa kidole chake kilicholowa. Mwili wa mtu hunasa umeme uliomo kwenye nyumba, ndiyo sababu ya mguno ule. Mji ukiwa hauna umeme, tulisikia mkwaruzo tu, nao ulitosha.

Jambo lingine alilosisitiza ni usafi wa waya. Kila redio iliyotoka mikononi mwetu ilikuwa na waya zilizokusanywa pamoja na kufungwa kwa uzi mweupe wa cherehani. "Waya ni kama nywele," alisema. "Zisukwe. Mtu akifungua huu mgongo baada yetu, ajue palikuwa na watu hapa." Nilimpenda kwa hilo. Hakuna mteja aliyekuwa akiona uzi ule.

Baada ya muda Meneja wa chama kimoja cha wakulima wa tumbaku alituomba tuwe tunahudumia vipaza sauti vya mikutano yake. Hapo nikaanza kutembea. Mwese nilipelekwa peke yangu, amplifaya ikiwa imefungwa kwa blanketi mgongoni, nikipanda vilima kwa miguu kwa sababu gari lilikuwa limekwama. Akina mama niliokutana nao njiani walinipa pole ya mtoto mgonjwa. Katumba tulikwenda wote wawili, maana ndiko kwake. Alifika huko kijana, pamoja na Warundi wenzake waliokimbia mwaka sabini na mbili, akalima tumbaku kwanza kabla ya kujifunza redio.

Ni Katumba nilipogundua. Meneja alikuwa anahutubia, na kipaza sauti kilikuwa kimeelekea kwenye pembe ya spika. Ikitokea hivyo, sauti inayotoka inaingia tena, inakuzwa, inatoka, inaingia, mpaka inakuwa mluzi mkali. Mluzi ukapiga. Watu wakaziba masikio, watoto wakakimbia, mbuzi wa jirani akakata kamba. Fundi Mkuu alikuwa amesimama chini ya pembe ile ile, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Fundi!" Meneja akapiga kelele. "Unatuua huku!"

Niliruka nikageuza kipaza sauti. Fundi Mkuu akaniangalia, akawaangalia watu, akaelewa.

Njiani tukirudi ndipo nikajumlisha mambo. Kwa miezi kadhaa alikuwa na tabia ya kung'ata mpini wa bisibisi na kuweka ncha yake kwenye chuma cha spika. Wateja walicheka, "Mzee anaonja redio! Hii imekolea chumvi?" Na yeye alijibu, "Bado kidogo." Kumbe mtetemo ulikuwa unapita kwenye meno na mifupa ya taya, ukamfikia kwa njia nyingine, maana ile ya masikio ilikuwa imeanza kufungwa.

"Mzee," nilimwambia, "husikii."

"Sauti nene nazisikia. Nyembamba zimeondoka." Akaongeza, "Sauti za wanawake ndizo zilitangulia kuondoka."

Hapo akanieleza kilichokuwa kinamsumbua, na haikuwa kazi. Alipokimbia kwao alimwacha mdogo wake wa kike. Alimwita mushiki wangu, ndivyo Warundi wanaume wanavyomtaja dada. Miaka ile vita vilikuwa vimeanza tena huko, na jioni kulikuwa na kipindi cha Kirundi kwenye masafa mafupi ambamo watu waliopotezana walituma majina na salamu, wengine kwa sauti zao wenyewe. Alikuwa akikisikiliza kila kilipokuwepo. Sasa alisikia kama watu wanaoongea nje ya nyumba.

"Si watu wa Katumba wapo?" nilimuuliza. "Wakusikilizie."

"Wanasikiliza. Lakini hawamjui. Alizaliwa na jina moja, akabatizwa na jingine, na ameolewa sijui wapi. Kitakachonijulisha kwamba ni yeye ni sauti na jina alilokuwa ananiita tukichunga. Hilo halijui mtu mwingine."

Nikaamua kumtengenezea amplifaya ya masikioni. Meneja alikuwa na hedifoni nzito za zamani zilizotoka kwenye redio ya upepo, ile ya kuitana kwa mbali, iliyokufa, akanipa bila swali. Zilikuwa na waya mwembamba sana ndani, hazikuhitaji mkondo mkubwa, na hiyo ilikuwa bahati. Nilichukua transista moja ya kuanzia na mbili za mwisho, zile zinazosaidiana, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Mlangoni, pale sauti inapoingilia, niliweka kapasita ndogo, nikichagua kwa makusudi ipitishe zaidi sauti nyembamba, maana ndizo alizozikosa. Vyote nikavipanga ndani ya boksi la bati la biskuti, kwa sababu bati huzuia kelele za nje. Koili ya redio yake nikaishika upya kwa nta ya baba. Waya nikazisuka kama alivyonifundisha na kuzifunga kwa uzi mweupe. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Nikavaa, nikawasha. Kilipiga mluzi.

Nilibadilisha transista. Nilibadilisha kapasita. Nilibadilisha betri. Nikipunguza sauti kinatulia, nikipandisha kiasi cha kumfaa Mzee kinapiga mluzi, na maneno yanakuwa kama yamefunikwa na gunia. Mwishowe nikampelekea nikiwa nimekata tamaa. Nilimwandalia pole kabla hajavaa.

Akavaa. "Mluzi siusikii," alisema.

"Upo, Mzee. Mkali. Nausikia mpaka huku nje."

"Kwa hiyo nimekuwa fundi bora kuliko wewe. Mimi haunisumbui." Akacheka peke yake. Kisha akaweka kidole juu ya transista za mwisho, akakiacha hapo. Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa kazini. "Zina moto. Redio haijaunganishwa, hakuna anayesema, na zina moto. Zinafanya kazi gani?"

Akachukua kijiti kikavu cha mbao, akaanza kusogeza waya mmoja mmoja, mkono mwingine ukiwa umebaki kwenye joto. Alifumba macho. Mtu asiyesikia mluzi alikuwa anautafuta kwa ngozi ya kidole. Aliposogeza waya wa kutokea mbali na waya wa kuingilia, mluzi ukakatika masikioni mwangu kama umefungwa mlango. Nilitaka kumwambia, lakini yeye aliendelea kungoja, mpaka transista zikapoa, ndipo akafumbua macho.

"Hapa ndipo," alisema. "Inajisikiliza yenyewe. Umefanya kama mimi kule Katumba, umeweka mdomo karibu na sikio."

"Nimezisuka ulivyonifundisha."

"Ndiyo. Nilikufundisha kwa redio ambazo sauti yake ni ya kawaida. Hii ina nguvu kubwa mahali padogo." Akachukua wembe, akakata uzi wangu mweupe wote. "Sauti iingie huku, itokee kule. Iache nywele zake wazi, ni ya nyumbani."

Tukatoboa bati upya, mlango wa kuingilia upande mmoja na wa kutokea upande wa pili. Akavaa tena, akaunganisha redio. Mwanamke alikuwa anasoma habari. Fundi Mkuu alikaa wima. Alisikiliza mpaka habari zikaisha, kisha akaniambia kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wenye hedifoni, "Ana mafua, huyu!"

Tangu hapo alifanya kazi na boksi lile mezani, hedifoni kichwani. Meneja alipopita alimwambia, "Fundi Mkuu, umekuwa rubani sasa?" naye akajibu, "Panda, twende." Redio zilizotoka kwake zilikuwa safi kuliko zangu. Na jioni, kipindi kile kilipoanza, mimi nilijua kunyamaza.

Ulipita msimu mmoja wa mvua na mwingine. Sikuwa na matumaini tena, nasema kweli, ingawa sikumwambia. Jioni moja nilikuwa nachomelea waya, nikaona ameinua mkono kama anayesimamisha basi. Akabaki hivyo. Mkono uliposhuka ulishukia juu ya boksi, akalishika kama linaweza kuondoka.

"Ni yeye," akasema. "Yuko kambini, Kigoma. Ameniita lile jina."

Sikumuuliza jina hilo ni lipi, na mpaka leo silijui. Alikwenda kumfuata, na baada ya vibali na safari nyingi huyo mdogo wake, Mama Vestina, akaja kuishi Katumba. Nilipomwona mara ya kwanza nilishangaa kwamba sauti yake ni nyembamba kweli. Bila boksi lile, kaka yake angemkosa.

Mimi nimestaafu sasa. Kwenye kibanda cha sokoni wanauza vocha na chaja. Sina uchungu na hilo. Vijana wanatengeneza simu zenye vipuri ambavyo macho yangu hayavioni, na nawaheshimu. Ninachotaka wajue ni kwamba palikuwa na mtu hapa Mpanda aliyeweza kusikia kwa meno na kwa kidole, na ambaye alikubali kukata kwa mkono wake uzi aliokuwa akiusisitiza.

Fundi Mkuu tulimzika Katumba, msimu wa tumbaku kukauka. Baada ya msiba kumalizika, Mama Vestina alikuja nyumbani kwangu mjini akiwa na boksi la biskuti limefungwa kwenye kanga.

"Mdogo wangu," alisema, "hili ni lako. Limeacha kuongea siku nyingi."

Nililifungua mezani. Betri zilikuwa zimeoza, nikasafisha vyuma na kuweka mpya. Waya zilikuwa bado wazi, za kuingia huku, za kutoka kule. Nikamvisha hedifoni, nikalowesha kidole kwa ulimi, nikagusa waya wa kuingilia.

Mama Vestina alishtuka, kisha akatulia, akishika hedifoni kwa mikono yote miwili.

"Linaguna," alisema. "Linaguna kama yeye asubuhi kabla ya uji."

"Basi lipo hai," nilimwambia.

Nilitaka kuondoa kidole. Akatikisa kichwa, nikakiacha palepale.