Fisi Maji wa Midrand

Nawaambia ninyi, kwa sababu mke wangu bado sijamwambia. Mimi ni mlinzi wa nyumba za matajiri huko Midrand, na kijito kinachopita nyuma ya ukuta nilikiona kama changu. Wiki nzima nilikikuta kimezibwa kwa vijiti. Kila asubuhi nilikunja suruali, nikavitoa vyote, nikajisifu.

Kisha akaja Daktari Neema, mtafiti Mtanzania. Akanieleza kwamba anaziba maji kwa vijiti kama afanyavyo biva, mnyama wa Ulaya, aone kama wadudu watafanya makazi humo na samaki wawafuate.

"Kaka, kuna kitu kinanibomolea. Hujaona mnyama?"

Uchungu wa kubomolewa makazi naujua. Ndio ulionitoa kwetu Bukavu. Ningekiri hapo hapo. Lakini niliogopa kufukuzwa kazi.

"Eish, Daktari, ni fisi maji. Mkubwa kweli! Anakuja alfajiri."

Akaandika kila neno. Akauliza kuhusu mkia. Nikampa mkia mrefu.

Ndipo akafungua kompyuta, akanionyesha picha za kamera aliyoificha mtini. Nilikuwa mimi, magoti nje, nimekumbatia vijiti.

"Mkia," akasema taratibu, "sijauona."