Genoveva na Uyoga wa Miyombo

Genoveva alikuwa mama wa Kingoni, mfupi, mbishi. Kibamba nzima tulikuwa tunamwogopa isipokuwa mumewe, na yeye ni kwa kuwa alishatangulia mbele za haki. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipande cha msitu wa miyombo, si chake wala si cha mtu. Masika yakianza, chini ya miti ile unatoka uyoga wa manjano, mnene. Ukiupika na karanga unasahau nyama.

Zamani ulikuwa unaota mpaka kule barabarani. Ilipokuja enzi ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila mtu akawa mfanyabiashara. Miti ikawa mkaa, mkaa ukaenda mjini. Na uyoga ule hauoti popote tu, umeshikana na mizizi ya myombo kama mtoto na titi. Kata mti, uyoga kwaheri. Ukabaki pale kwa Genoveva peke yake.

Sie watu wa pwani tulimcheka.

"Chakula cha vyura hicho," nikamwambia.

"Shukuru Mungu. Mngeupenda nyie, ungeshaisha."

Basi mwaka tisini na tatu, kiangazi, akaja Faraji mchoma mkaa, Mngindo wa Liwale, na wenzake. Wakachimba shimo refu la tanuri katikati ya miyombo, wakanoa shoka, wakaenda kunywa chai. Kurudi, wanamkuta Genoveva kalala shimoni chali, khanga mpaka kidevuni, macho kafumba.

"Mama, toka, tuna kazi."

"Maiti hasemeshwi. Nizikeni."

Wenzake Faraji wakaangua kicheko. Faraji akashika kichwa. Mngoni na Mngindo watani, na mtani akiingia kaburini hatoki mpaka akombolewe. Ukikasirika, aibu yako. Ukimtoa kwa nguvu, mkosi wako. Majirani tukajaa.

"Mtani, siku hizi ruksa," Faraji akabembeleza.

"Na kufa ruksa."

"Nikupe kuku?"

"Kuku ana mizizi?"

"Gunia la mkaa, basi."

"Lete nikupige nalo! Nataka miyombo yote, imesimama hivyo hivyo."

Jua likawaka. Nikampelekea maji, akanywa, akasema maiti wa Kingoni huwa wanaona kiu. Faraji akazunguka shimo akimtukania ukoo mzima, maana matusi ya utani halali, naye akarudishiwa yake yote na nyongeza. Mwisho akabwaga shoka.

"Haya, chukua miti yako, mchawi we! Wallahi sikati hapa, wala mwenzangu hakati."

Akamnyooshea mkono, akamvuta juu. Shimo wakalifukia wenyewe.

Masika yakaja, uyoga ukachomoza, haba. Genoveva hakuchuma hata mmoja. Mwaka huu, alisema, uache uzae. Nani anatokea na kikapu? Faraji.

"Mtani, mboga ya siku moja tu."

"Una njaa? Kale mkaa."