Nilitaka airflow kwenye pellet grill, nikaipeleka kwa fundi wa mashua

Wakuu, habari za mchana. Nasimulia mwenyewe kabla jirani yangu hajaniwahi, maana yule huongeza chumvi. Yangu ni ukweli mtupu, hata pale unaponiaibisha.

Mimi ni mpishi, mtu wa Lamu mjini. Kuna mzungu alikuwa amepanga nyumba Shela. Alipohama akaniuzia pellet grill yake na magunia ya pellets.

Kwa wasioijua: ni jiko la kuchomea linalotumia stima. Pellets ni mbao iliyosagwa na kushindiliwa, ndogo kama chakula cha kuku. Zinaingia motoni zenyewe, feni inapuliza, wewe kazi yako kubonyeza na kukunja miguu.

Punda aliibeba kutoka gatini, watu wakasimama barazani kutazama. Nikajiona bwana mkubwa.

Shida ikawa moja. Nikipanga samaki watano aina ya changu, wa kushoto wanaungua, wa kulia bado wananitazama.

Mtu mwenye akili angewageuza samaki. Mimi nikaingia mtandaoni.

Huko Mmarekani mwenye ndevu akasema tatizo ni airflow, yaani mzunguko wa hewa. Inua wavu kidogo, panua nafasi kati ya vyuma, toboa matundu kwenye bati la chini yake. Nilitazama video tatu nikawa injinia.

Sasa sikilizeni. Bi Zuhura ana nyumba ya wageni, na alikuwa anatafuta mtu wa kuwapikia wageni wake msimu mzima. Akaniambia atakuja Jumamosi mchana kuonja mkono wangu. Tangu Ramadhani sikuwa nimepata kazi ya maana. Niliitaka ile kazi mpaka nikawa naiota.

Basi nikaipakia grill mpaka Matondoni kwa Bwana Athmani, fundi wa mashua. Ana drill, na kwa kazi safi hana mpinzani. Nikampa mchoro, nikamwonyesha na video. Akaitikia kwa kichwa, hakuuliza kitu.

Ijumaa nikaenda kuichukua. Wavu umeinuka, nafasi ziko sawa, matundu ya bati yamenyooka kama safu ya sala. Nyuma sikuangalia. Nilikuwa napiga picha za kuposti.

Jumamosi Bi Zuhura akaketi uani. Nikabonyeza, nikampa lecture ya airflow. Masikini akawa anaitikia tu.

Kidogo moshi ukaanza. Ulitoka kwenye mfuniko, ukatoka kwenye tangi la pellets, ukatoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba lake. Na haukuwa moshi wa mbao. Ulinuka papa.

Nikafungua. Changu weusi tii nje, ndani wabichi. Bi Zuhura akaziba pua kwa mtandio.

Nikampigia fundi simu. Akanijibu polepole kwa Kiamu:

"Matundu ya bati la tini uloyataka nimeyatoboa. Yale ya nyuma hukuyataya, nikayaziba kwa pamba na sifa. Kazi yangu haivuyi, bwana."

Yaani alikuwa ameitia kalafati! Bomba la moshi na njia zote za hewa kaziziba kwa pamba iliyoloweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, kama anavyoziba mbao za mashua. Ile grill ukiitia baharini inafika Kizingitini bila kuingiza tone.

Wakuu, nilitaka kulia. Niliuona msimu mzima ukiondoka.

Mke wangu alikuwa jikoni. Akatoka na seredani yake ya makaa, akawapaka changu waliobaki ukwaju na tui, akanitia kipepeo mkononi. Nikapepea. Kila dakika akawa anawageuza samaki.

Bi Zuhura alikula mpaka akalamba miiba. Akamgeukia mke wangu, si mimi.

"Kazi ni yako, mwanangu. Na huyu mumeo hufanyani?"

"Hupepea," mke wangu akasema.

Nilichojifunza: ukimpa fundi kazi, mwambie na asichotakiwa kugusa. Na samaki akiungua upande mmoja, mgeuze, basi.

Mwenye ujuzi wa kung'oa kalafati kwenye bomba la moshi anishauri hapa chini, na wa kucheka acheke. Nitachelewa kujibu. Wageni wa Bi Zuhura wanakula saa saba, na airflow ya lile jiko ni mimi.