Alama za Penseli

Siku yangu ya kwanza kazini, bosi wangu alinikabidhi penseli na kifutio kabla hata hajanionyesha kiti changu. Alikuwa Meneja Utumishi wa kiwanda kimoja cha vyuma hapa Kampala, Mkenya aliyekuja kutafuta riziki, nami nilikuwa binti wa Kinubi mwenye cheti cha ukarani. Nilimwambia nina kalamu yangu ya wino.

"Hiyo weka kwa mkoba, dada Zubeda," akasema. "Alama za usaili hapa tunaandika na penseli. Mkubwa akibadilisha mawazo, hatuharibu karatasi."

Nilicheka nikidhani ni utani. Ninyi mnaoanza kazi hii ya kuajiri leo, msicheke.

Kuajiri kulikuwa na hatua zake. Tangazo lilitoka gazetini, na maombi yakaja kwa bahasha, mengi yamechapwa kwenye vibanda vya mtaa wa Wandegeya, mpaka barua kumi zinaanza kwa sentensi ileile. Tulichambua tukapata orodha fupi, yaani wale wachache wanaofaa kuitwa. Kisha jopo liliketi, kila mmoja na karatasi yake ya alama. Nilianza masjala nikitunza mafaili, nikapanda kuwa afisa utumishi, na yule Mkenya aliporudi kwao nikakikalia kiti chake. Penseli nayo nikairithi.

Mwaka mmoja tulitafuta fundi wa kuchomea vyuma. Kwenye orodha fupi alikuwemo Nakato, mwanamke wa Katwe, mtaa wa mafundi vyuma, aliyefundishwa kazi na baba yake. Kila mmoja alipewa vyuma viwili aviunge, halafu msimamizi wa karakana akavipiga nyundo. Kazi ya Nakato haikutikisika. Ya mpwa wa Mkurugenzi, aliyekuwemo pia kwenye orodha, iliachana kwa pigo la kwanza, na kijana mwenyewe akacheka. Nikaandika: Nakato themanini na saba, mpwa arobaini.

Mchana huo Mkurugenzi akaniita. "Zubeda, hiyo kazi iko na mutu yake," akasema bila kuinua macho. "Wewe rekebisha tu alama."

Nilikuwa na watoto shuleni, na hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Nikafuta. Mtu mzima, mwenye kuswali swala tano, nilifuta haki ya mwenzangu kwa kifutio cha mtoto wa shule.

Wiki iliyofuata Nakato alikuja ofisini amevaa gomesi yake nzuri, vazi la heshima la wanawake wa huku. "Hajati, mimi nilikosea wapi?"

"Uzoefu wako hautoshi," nikamwambia. Akaitazama mikono yake yenye makovu ya moto, akashukuru, akaondoka.

Sasa nimestaafu, na maafisa vijana wananiambia mambo yamebadilika, eti kompyuta ndiyo inayochambua na kompyuta haina shangazi. Nakasirika. Nani anayeiambia imtafute nani? Bado wanatangaza nafasi ambayo mwenyewe ameshapimiwa sare, bado wanawaita watu watoke mbali na viatu vya kuazima, wawasaili kwa uso mkavu. Ni wizi, na mimi niliufanya nikiwa nimevaa kitambulisho shingoni.

Mwezi uliopita geti langu lilikatika bawaba, nikalipeleka Katwe. Nilimkuta Nakato kwenye kibanda kilekile cha baba yake. Sikuweza kuanza na geti.

"Siku ile ulikuwa wa kwanza," nikamwambia. "Ulipata themanini na saba. Aliyefuta ni mimi."

Alizima mashine, akavua miwani yake nyeusi.

"Mimi nilijua nimepita, Hajati. Chuma yangu haikuvunjika, niliona na macho yangu." Akapangusa vioo vya miwani. "Lakini mzee wangu aliamini maneno ya ofisi. Alikufa akisema hakunifundisha vizuri."

Akavaa miwani, akawasha mashine, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuliweka geti.