Jezi ya Paskali

Ndugu zangu, wako watu hapa Karatu ambao wakikutana nami barabarani wanaruka mara moja mbele yangu, halafu wanaondoka wakicheka, nami nainamisha kichwa kwa sababu hawakosei. Afadhali mnisikie mwenyewe kabla hawajawaongezea chumvi.

Mimi ni mrefu. Kwetu Olbalbal urefu si habari, lakini hapa mjini kila anayenitazama anaona mpira wa kikapu. Kocha wa timu ya mtaa alinikuta kwenye harusi ya binamu yangu nikiruka na wenzangu, akaniita pembeni kwa lile jina ambalo mjini huitwa kila kijana wa Kimaasai.

"Yero, wewe si unacheza kikapu?"

Sikuwahi hata kuugusa mpira huo, ila naona aibu kuongea na watu wakubwa, basi nikaitikia kwa kichwa ili aniache nikale nyama.

Jumamosi nikaambiwa nacheza, na kwa kuwa jezi zilikuwa chache akavuliwa Paskali, kijana wa Qurus ninayekaa naye chumba kimoja, mfupi, lakini anadunda mpira hata usingizini (mkono unapiga godoro, namsikia).

"Kikapu ni mchezo wa warefu," kocha akamwambia, "kila mtu anajua."

Paskali akanipa jezi yake, na siku hiyo mama yake alikuwa ametoka Qurus kuja kumtazama kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Nikavaa. Ikaishia kitovuni.

Mpira wa kwanza nikaukumbatia kama mwanambuzi aliyezaliwa malishoni, nikakimbia nao, refa akapuliza filimbi. Wa pili ukanifikia chini kabisa ya kikapu tulichotakiwa kufunga, na watu wote wakapiga kelele, "Ruka, yero! Ruka!"

Jamani, kuruka naweza. Ila kwetu mtu haruki amebeba mzigo. Nikauweka mpira chini taratibu, nikanyoosha mwili, nikaruka juu sana, nikaruka tena (kitovu nje), na ya tatu nikiwa hewani nikaona mpira unakwenda upande wa pili bila mimi.

"Morani, ng'ombe wako wameibiwa!" mtu akapaza sauti, uwanja mzima ukaangua kicheko, refa naye kashika tumbo.

Nikaenda moja kwa moja kwa kocha. "Mwalimu, mimi sijui. Nilikubali kwa sababu ya nyama." Nikavua.

Paskali akaivaa na jasho langu, akaingia. Tulifungwa, siwadanganyi, lakini alipita chini ya mikono ya wale warefu akatupia kikapu baada ya kikapu, na mama yake akawa anawaambia watu asiowajua, "Huyo mfupi ni wangu! Huyo!"

Baadaye mama huyo alinikuta nimejificha nyuma ya pikipiki, akanipa hindi la kuchoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula, mwanangu. Umeruka vizuri, hata mimi nimepiga makofi. Ila siku nyingine, sema."

Nikalila lote bila kuinua uso.

Siku hizi mtu akiniuliza kama nacheza kikapu nasema hapana kabla hajamaliza, hata kama nyama iko mezani. Paskali bado anapiga godoro usiku, simwamshi. Na jezi yake naifua mimi.