Dhamana ya Kaka Yangu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliacha shule darasa la tatu nikachoma makaa, na leo nina maduka mawili Kakuma, lori, na nyumba ya mawe hapa Lodwar, mtaa wa Nawoitorong. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa alipofungwa miaka minne kwa kesi ya mifugo ya wizi, sikulia. Nilitafuta wakili, akakata rufaa. Kisha figo za kaka zikaharibika gerezani, miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa, na wakili akaomba aachiliwe kwa dhamana atibiwe huku rufaa ikisubiri kusikilizwa.

Jaji alikubali. Kaka akae kwangu, asitoke Lodwar, ahudhurie kliniki, aripoti polisi kila Jumatatu. Akikiuka, nilipe mimi mdhamini. Nilitia sahihi kubwa, ya kuonekana kutoka nyuma ya mahakama, nikauliza kama kuna karatasi nyingine.

Kumbe nimejifunga mwenyewe. Sikuthubutu kulala Kakuma hata usiku mmoja. Mke wangu, aliyebaki na maduka, alinipigia kuniambia wateja wetu wa Sudan Kusini kule kambi ya wakimbizi wameanza kununua sukari kwa jirani, maana bila mimi lori halifiki kwa wakati. Siku moja akauliza, "Kwani kati yenu wawili, aliyefungwa ni nani?"

Nilicheka. Halafu nikaenda kuangalia kama geti limefungwa.

Kaka alikuwa ameketi uani kwenye kigoda chake, akilitazama geti hilo hilo. Jela, alisema, alikuwa na watu hamsini wa kupiga nao hadithi. Hapa ananisikiliza mimi tu nikijisifu. Dawa alikunywa, lakini alizidi kuisha. Daktari akasema sasa ni mashine ya kuosha damu, bila hiyo atakufa. Kaka akakataa. Kwanza mganga wa kwetu Lokiriama amchagulie mbuzi, achinjwe, naye apakwe majani ya tumboni mwa mbuzi huyo. Baada ya hapo, mashine hata mbili.

Nikaona hilo ni dogo. Nilinunua beberu mweupe, hakuna aliyemzidi bei sokoni, nikamvuta hadi mbele yake. Kaka akamfungua mdomo, akamtazama meno.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wako. Nimeshalipa."

"Mdogo wangu, mbuzi wa kununuliwa ananijua mimi?"

Alitaka mbuzi wa zizi lake la Lokiriama, achinjwe pale pale, mbele ya ng'ombe wake na watoto wake. Nikasema pickup yangu itamleta mmoja. Akauliza kama itabeba na zizi.

Wakili alirudi kwa jaji kuomba ruhusa ya safari. Jaji akasema dhamana ilitolewa kwa ajili ya hospitali, na hospitali iko Lodwar. Wiki hiyo kaka aliacha kula. Mimi nilizunguka uani, mtu wa maduka mawili, kama mbuzi aliyefungwa kamba mguuni. Nikimtoa, nimevunja amri. Nikimweka, nimemzika.

Jumatatu aliporipoti, tulitoka kituoni nikashika barabara ya Lokiriama. Nilipanga kurudi kabla ya Jumatatu nyingine. Lakini mganga alisoma matumbo ya mbuzi wa kwanza, hakuyapenda, akaagiza mwingine afuatwe malishoni mbali. Jumatatu ilitukuta huko huko, kaka amepakwa kifua na mgongo, anakunywa maziwa, anawataja ng'ombe mmoja mmoja.

Tuliporudi polisi walikuwa getini kwangu. Dhamana ikafutwa. Kaka aliwekwa kwenye mashine akiwa na pingu kitandani, na hakubishana na muuguzi hata mara moja.

Jaji aliniuliza nina sababu gani ya kutolipa. Nilizoea kuwa na maneno.

"Mheshimiwa, amekubali mashine."

Akaandika, akaamuru nilipe dhamana yote. Pamoja na ada ya wakili, ilinitoka shilingi laki tano, elfu sitini na mbili na mia nne.