Kukawia Juu ya Mvua

Mwalimu wa kwaya katika kanisa letu, kwenye miteremko ya Meru, aliamini kwamba msichana anaweza kupiga kinanda kama anavyoweza kuchinja ng'ombe: pengine anaweza, lakini ya nini? Hata hivyo, mpiga kinanda wetu alikuwa amehamia mjini, Kaloleni, na ibada ya mavuno ilikuwa imebakiza wiki moja. Mwalimu akanipa sharti. Nikiweza kulitia uzito neno "mvua" katika wimbo wa mavuno, kiti ni changu. Nikishindwa, nirudi kwenye sauti ya pili, mahali ambapo nilikuwa nimeanza kuota mizizi.

Nikakibamiza kinanda. Kumbe kinanda cha kukanyaga, kinachopata pumzi kwa miguu, hakijali hasira za vidole: uguse au utwange, sauti ni ileile.

"Binti," mwalimu alisema, "hicho si kinu."

Bibi yangu, aliyekuwa akifagia kanisa na kusahihisha mahubiri, aliegemea ufagio wake. "Mjukuu wangu, ukitaka ndizi mbivu kwangu, unanipigia kelele?"

"Hapana, bibi."

"Unaivuta shikamoo mpaka naona aibu kukunyima. Basi ivute na hiyo mvua."

Jumapili ile tulikuwa na mgeni, bwana shauri wa Kiingereza, mtawala wa wilaya, kutoka bomani Arusha. Tulipofika kwenye "mvua" nikakawia, na kweli neno likapata uzito. Wakulima wa kahawa wakafumba macho. Nilichosahau ni desturi yetu: hakuna anayeachia sauti kabla ya wazee, kwani ni sawa na kumkatiza mkubwa maneno. Nikamsubiri bibi anyamaze. Bibi naye, kwa kukiheshimu kinanda, alikuwa akinisubiri mimi. Kanisa zima likatusubiri sote wawili, kwa sauti. Bwana shauri akadhani wimbo umekwisha, akaketi, akatutazama, akasimama tena. Hatimaye miguu yangu ilichoka kukanyaga, na kinanda kikakata roho chenyewe.

Nje, mwalimu alikuwa amenuna. "Ameharibu ibada."

"Mwalimu," bibi akamuuliza, "leo ulisikia neno gani?"

"Mvua," akakiri.

"Haya."

"Kiti ni chake. Lakini mpatane nani atatangulia kunyamaza."

Tulipatana kuwa ni bibi. Sikumbuki hata Jumapili moja aliyoutimiza wajibu huo mapema.